Jina Lililobandikwa Juu ya Jina Lingine

Gati, nyathina, mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako, na ninajua atakushikilia kwa maneno mpaka jua lipungue. Kwa hiyo nina muda wa kuandika kabla hujarudi ukaanza kuchungulia begani kwangu. Begi lako liko mlangoni. Nimeligusa mara nyingi kuliko inavyofaa, nikijifanya naangalia kama zipu imefunga.

Sitakuandikia habari za maji ya kuchemsha wala sweta wala simu ya kuchaji. Baba yako atakungoja Migori mshike njia ya Kegonga pamoja, naye atayarudia hayo yote mpaka umwombe anyamaze. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotukutanisha mimi naye, yeye na Kikuria chake na mimi na Kijaluo changu, na ndicho ulichojifunzia kusema "mama".

Ninaogopa, Gati. Nimeogopa tangu siku ulipopata habari kwamba zahanati ya kule inakuhitaji. Majirani wanadhani ninaogopa umbali, au kwamba Kikuria chako ni cha salamu tu. Siogopi hayo. Kule ni kwa baba yako, watakupokea. Ninachoogopa ni siku moja ambayo bado haijafika. Mgonjwa atakuwa amelala mbele yako, nawe utakuwa umeona jambo dogo, au umelihisi tu, na utanyamaza kwa sababu walio karibu nawe wana haraka, au wamesoma kukushinda, au wewe ndiye mgeni.

Unakumbuka mwaka ule diski za hospitali zilipokufa. Ulikuwa kidato cha pili. Uliona tu kwamba mama amekonda na hamalizi chakula chake, na baba yako akakwambia ni kazi nyingi. Sasa wewe ni muuguzi na kesho unaondoka, kwa hiyo nataka ujue ilivyokuwa.

Kazi yangu, unajua, ilikuwa chumba cha rekodi, kile chenye dirisha dogo linalotazama foleni ya wagonjwa. Ziwa lilipofurika na maji yakaingia stoo, kadi za karatasi za miaka mingi zikawa uji. Tulizianika juani, zikakauka zikiwa zimegandana kama mikate. Tangu hapo kila kitu tulikiweka kwenye kompyuta. Ouma, fundi aliyekuwa akitoka Homa Bay mjini kutushughulikia mashine, alitushauri tuwe na diski mbili. Moja ningeifanyia kazi kila siku. Ya pili ningeinakilia kila kitu siku ya Ijumaa, kisha niifungie kabatini. Alisema pia zisiwe za aina moja, maana diski za aina moja zikiwa na ugonjwa wa kuzaliwa nao, zitaugua zote. Lilikuwa shauri zuri. Hospitali ikanunua mbili, kila moja na lebo yake na jina lake la modeli. Nilizishika mkononi nikaona tumejikinga vya kutosha.

Asubuhi moja stima ilipotea, taa zikazima, kisha ikarudi, nikawasha kompyuta. Diski haikuonekana. Ukitega sikio uliisikia ikizunguka, sauti ile ile ya kila siku, lakini kompyuta ikiiita haijibu. Nilizima nikawasha tena. Dirishani watu walikuwa wameshaanza kujipanga na vitambulisho mkononi, na mimi nawaambia wangoje kidogo, wangoje kidogo, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia imebadilika.

Ouma alifika kabla ya saa sita. Unamkumbuka, yule mtu mpole anayezungumza polepole hata akiwa amekasirika. Akatafuta kwenye simu yake, akakuta watu wa nchi nyingine wakilalamika juu ya jambo hilo hilo, diski inazunguka na haijibu. Uso wake ukang'aa.

"Mama Gati, usiwe na shida," akaniambia. "Data yako iko ndani, salama kabisa. Hii kitu imegoma ni famwea, ile programu ndogo inakaa ndani ya diski yenyewe. Ndiyo inaambia diski ijibu kompyuta. Sasa hii yako ilitoka kiwandani na kasoro, ukiiwasha siku mbaya inajifungia. Wenye kuitengeneza wametoa dawa yake. Lakini kila modeli na dawa yake, huwezi kuchanganya. Hebu nisomee modeli hapo juu ya lebo."

Nikaichukua nikasoma. Herufi, namba, kistari, namba tena. Niliisoma vizuri, hakuna hata moja niliyoikosea. Na wakati nasoma, kidole gumba changu kilikuwa kwenye kona ya lebo, nikahisi chini yake ukingo wa karatasi nyingine. Kama kiraka juu ya kiraka.

Ouma akauliza, "Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu," nikasema.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Sista Dorka, aliyekuwa mkuu wa wauguzi, alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa. Wagonjwa walikuwa wanagonga dirisha. Ouma ndiye fundi, mimi ni mama wa mafaili, na karatasi chini ya karatasi ningeieleza nini? Niliona nitaonekana mshamba. Hilo tu. Haikuwa nia mbaya, wala uvivu. Niliogopa kuonekana mshamba mbele ya watu wawili, na ikapita muda mfupi sana, na muda huo ukisha kupita unaona aibu zaidi kurudi nyuma.

Ouma akaipa ile diski dawa ya modeli iliyoandikwa. Tuliitazama kompyuta ikihesabu kazi yake mpaka mwisho. Kisha diski ikatoa mlio mmoja, kama mtu anayegonga meza kwa kucha, ikanyamaza. Akaizima akaiwasha. Sasa haikuzunguka hata kidogo. Akaipeleka sikioni, akaiweka chini, akaipeleka sikioni tena. Sijawahi kuona mtu mweusi akawa wa kijivu namna ile.

Sista Dorka akasema, "Si kuna nyingine kabatini? Leteni hiyo."

Nikaileta. Ouma akaiunganisha. Ikazunguka. Tukangoja. Kompyuta ikaita, haikujibu. Ouma akasoma lebo mwenyewe, akatafuta kwenye simu, akatikisa kichwa. "Hii modeli haina huo ugonjwa," akasema. "Hakuna mahali wameandika. Haiwezekani."

"Basi ifanyie kitu," Sista akasema. "Kuna watu huko nje wanameza dawa za kifua kikuu na sijui wako mwezi wa ngapi. Jaribu."

Ouma akaanza kutafuta programu ya modeli ile ya pili. Hapo ndipo nilipoweka mkono wangu juu ya diski, nikaufunika kabisa.

"Usiiguse, Ouma," nikasema. "Kuna karatasi nyingine chini ya hii. Ile ya asubuhi pia ilikuwa nayo. Nilihisi kwa kidole."

Ouma akachukua wembe, akabandua lebo taratibu. Chini yake kulikuwa na nyingine, imekwaruzwa katikati, lakini mwanzo wake ulisomeka. Akabandua na ile ya diski iliyokufa. Chini yake, mwanzo ule ule. Zilikuwa diski za aina moja tangu mwanzo, Gati, zenye ugonjwa mmoja, zimetumika mahali fulani tusipopajua, kisha mtu akazivalisha majina mapya ili zionekane mpya na tofauti. Nani alifanya hivyo hatukujua kamwe. Aliyetuuzia naye aliapa kwamba alizipokea hivyo hivyo, na mimi nilimwamini.

Ouma alikaa chini kwenye kiti cha wagonjwa. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mama Gati, asubuhi ungeniambia."

Nikaziokota zile lebo zilizobanduliwa nikazifungia kabatini.

Namba ya lebo ya chini haikusomeka yote, na Ouma hakuthubutu kukisia. Akaamua kuipeleka diski Kisumu kwa fundi mwenzake aliyekuwa na vifaa vya kuzungumza na diski moja kwa moja, kwa nyaya nyembamba, bila kupitia kompyuta. Aliivingirisha ndani ya koti lake akaondoka nayo kifuani kama mtoto mchanga. Fundi yule akasema tungoje, alikuwa na kazi za watu wengine, na kazi yenyewe haitaki haraka. Tukangoja. Hospitali nzima ikarudi kuuliza watu, "Mara ya mwisho ulipewa dawa gani?" na watu wanajibu, "Vile vidonge vyeupe."

Siku hizo ndizo nilizokonda. Nilikuwa nimemzuia Ouma asijaribu, na kila mgonjwa aliyefika bila faili niliona ni mimi niliyemnyima. Nilipika nikakuta nimeweka chumvi mara mbili. Wewe ulikula hivyo hivyo.

Siku ya tatu au ya nne, alasiri, mvua inanyesha, wakaleta mwanamke mjamzito juu ya pikipiki, katikati ya dereva na mama mkwe wake. Alikuwa ameanza kutetemeka mwili, kifafa cha mimba, macho wazi lakini hayupo. Aliitwa Achieng. Mumewe alikuwa kisiwani Takawiri kwa kazi ya samaki na simu yake haikupatikana. Mama mkwe alikuwa amekuja kuishi nao majuzi tu, hakujua lolote la uzazi wa kwanza. Alirudia kusema, "Alizalia hapa. Alizalia hapa, mnamjua."

Daktari akaamua apasuliwe mara moja. Wakawa wanamtayarisha. Sista akaja mbio dirishani kwangu. "Awuor, huyu amewahi kuwa hapa. Unakumbuka chochote?"

Nilimfuata mbio mpaka mlango wa thieta, chumba cha upasuaji, na njiani nilikumbuka kitu kimoja. Nilikumbuka mikono yangu ikiandika kwa herufi kubwa kwamba asipewe penisilini, kwamba alivimba uso na koo karibu lifunge. Nilikumbuka jina Achieng. Lakini Gati, hapa kwetu ukiita Achieng sokoni wanageuka wangapi? Nilijaribu kuiona sura ya yule niliyemwandikia, na kila nilipojaribu, sura ya huyu aliyelala pale ilikuja kukaa mahali pake. Nikatambua kwamba siwezi tena kuamini kumbukumbu yangu, na kwamba hakuna wa kumuuliza, na kwamba yule daktari ameshika tayari sindano ya penisilini ya kuzuia maambukizi.

Niliogopa kuliko asubuhi ya diski. Nikisema ni yeye na si yeye, wataacha dawa iliyo tayari waende kutafuta nyingine stoo ya juu, na muda huo ni wa mtoto tumboni. Nikisema si yeye na kumbe ni yeye, atafia mezani mbele ya macho yangu. Nikinyamaza, hakuna atakayejua kamwe kwamba nilikuwa na la kusema. Hilo la tatu ndilo lililonivuta zaidi. Nataka ujue hivyo. Mama yako alisimama kwenye mlango wa thieta akitamani kunyamaza.

Nikasema, "Daktari, kuna Achieng mmoja ambaye hapaswi kupewa penisilini. Sijui kama ni huyu."

Hakugeuka. "Ni huyu au si huyu?"

"Sijui."

"Mama, nataka ndiyo au hapana."

"Sina, daktari. Najua yupo mmoja. Sijui kama ni huyu."

Hapo akageuka akanitazama, uso umefunikwa, macho tu. Nilidhani atanifukuza. Akaiweka sindano chini kwenye trei. "Basi tuchukulie ni yeye," akasema. "Sista, ile dawa nyingine iko wapi?"

Ilikuwa stoo ya juu, na ufunguo alikuwa nao mtu aliyeenda kula. Sitakueleza muda ule. Nilikaa nje chini ya paa la bati na mama mkwe wake, mvua inapiga, hatukusikiana hata tukisema. Alinishika mkono akaubana, hakujua mimi ni nani, alidhani labda nami nina mgonjwa ndani.

Achieng alipona. Mtoto alitoka amelegea, hakulia upesi. Walimhangaikia mpaka akalia, sauti nyembamba, nami nikarudi dirishani kwangu.

Ouma alirudi kutoka Kisumu wiki iliyofuata. Yule fundi alikuwa ameiuliza diski jina lake lenyewe, lile lililoandikwa ndani yake na si juu yake, ikamjibu. Akaipa dawa ya jina hilo. Ikafunguka. Ouma aliiunganisha mbele yangu, na orodha ya wagonjwa ikashuka kwenye kioo kama kawaida, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kabla hajanakili chochote nilimwomba anipishe. Nikaandika Achieng.

Hakuwa yeye. Yule wa penisilini alikuwa Achieng mwingine kabisa, mkubwa kwa umri, wa upande wa Simbi. Huyu wa pikipiki hakuwa na shida na dawa yoyote. Wangeweza kumchoma ile sindano ya kwanza na kuendelea bila kusubiri ufunguo.

Nilimtafuta Sista Dorka nikamuuliza kama yule Achieng mkubwa alionekana siku zile. "Alikuja na kidonda cha mguu," Sista akasema. "Tulitaka kumchoma sindano, akakataa. Alisema hiyo inamfurisha uso. Alikaribia kupigana na nesi." Nikakaa.

Nikaenda kwa daktari, maana nilijua nikingoja kesho sitaenda. Nikamwambia nilikosea, hakuwa yeye, niliwachelewesha bure. Alikuwa anakula viazi vitamu mezani pake. Akafuta mikono.

"Hukukosea," akasema. "Hukuniambia ni yeye. Uliniambia hujui, na nilisikia vizuri. Kuamua niliamua mimi."

Aliniambia hivyo, na alikuwa mkweli, lakini hilo halikunipa usingizi. Mtoto yule alichelewa kutembea. Nilikuwa nikimwona akibebwa mgongoni kwenye kliniki wakati wenzake wanakimbia, na kila mara nilihesabu upya ule muda wa ufunguo. Sista alisema ni kile kifafa cha mama, na kwamba watoto wengi huchelewa. Huenda. Sasa yuko darasa la kwanza na anatembea, mguu mmoja mzito kidogo. Mama yake hunisalimia kwa furaha sokoni Kendu Bay, na mimi humnunulia mtoto ndizi, na sijawahi kumwambia mama huyo nilivyosimama pale mlangoni. Sijui kama ningepaswa.

Unaona sasa kwa nini siwezi kukuambia kwamba ukisema ulichokiona mambo yatakuwa mazuri. Nilinyamaza mbele ya Ouma, diski ikafa. Nilisema mlangoni pa thieta, na hadi leo sijui nilifanya jema au nilimlegeza mtoto wa watu. Ninachokijua ni kidogo. Lile la kwanza, nikilikumbuka, najificha. La pili, nikilikumbuka, naogopa, lakini ninaweza kumtazama daktari na hata Achieng usoni. Kuna tofauti kati ya hayo mawili, na nimeishi nayo miaka hii yote.

Huko uendako utapewa vitu vyenye majina juu yake. Chupa, faili, watu. Mengi yatakuwa ya kweli, na huwezi kuishi ukibandua kila lebo kwa wembe, utaugua wewe. Lakini kidole chako kikihisi kitu, kiamini kidole kwa muda mfupi tu wa kutosha kufungua mdomo. Na kama hujui, sema hujui, kwa maneno hayo hayo, usiyapambe. Watakasirika. Watakuambia wanataka ndiyo au hapana. Utaona aibu mpaka masikio yachomeke. Wacha yachomeke.

Bado ninaogopa, na kuandika hakujapunguza kitu. Nilidhani kutapunguza. Nakuona umevaa sare yako, usiku wa zamu, uko peke yako na mtu anayehema vibaya, na mimi niko huku nimelala. Hakuna mzazi anayeweza kukaa macho zamu zote za mwanawe.

Kwa hiyo ninakuomba jambo moja. Siku hiyo ikifika na ulimi wako ukakataa, toka nje unipigie, saa yoyote. Sijui dawa, sitakusaidia kwa lolote la uuguzi. Sema tu, "Mama, kuna kitu nimekiona na sijui ni nini." Nitakuuliza ni kitu gani, utanieleza, na ukishajisikia mwenyewe ukikieleza, ukate simu bila hata kuniaga, urudi ndani umwambie daktari hivyo hivyo.

Nasikia lango. Unazungumza na mtu barabarani, unacheka. Wacha nikunje karatasi hii niiweke chini ya nguo zako kabla hujaingia, kisha nikupakulie chakula.

Ni mimi mama yako,
Awuor